Deni la Ufundishaji: Mtihani wa Kuhitimu Shule ya Sekondari katika Majimbo ya Florida na California, 1976–2017

1. Utangulizi

Tarehe 7 Oktoba 2015, Gavana Jerry Brown wa jimbo la California, Marekani, alitia saini sheria iliyozitaka shule za jimbo hilo kuwapa vyeti vya kuhitimu watu waliokuwa wameondoka shuleni miaka mingi nyuma. Watu hao walikuwa wametimiza masharti yote ya kuhitimu isipokuwa moja: hawakufaulu mtihani wa jimbo. Sheria ilirudi nyuma hadi mwaka wa masomo 2003/2004. Aliyeondoka shuleni mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 18 alikuwa sasa na miaka 27, na alistahili kupewa cheti kilekile alichonyimwa, bila kufanya mtihani mwingine wowote. Sheria haikusema kwamba jimbo lilikosea kumnyima. Ilimrudishia cheti na kunyamaza kuhusu miaka iliyopita katikati.

Insha hii inachunguza kilichotangulia ukimya huo. Inafuatilia historia ya mtihani wa kuhitimu shule ya sekondari katika majimbo mawili: Florida, ambako masharti ya mtihani huo yalipingwa mahakamani kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa, na California, ambako mtihani ulianzishwa, ukaahirishwa, ukapingwa na hatimaye ukafutwa. Hoja kuu ni kwamba mgogoro wa mitihani hii, tangu mwanzo, haukuwa juu ya ugumu wa maswali. Ulikuwa juu ya deni: je, ni mwanafunzi anayedaiwa na jimbo uthibitisho wa ujuzi, au ni jimbo linalodaiwa na mwanafunzi uthibitisho wa ufundishaji? Mahakama za Florida zilijibu kwamba deni la jimbo hutangulia. Mahakama ya California, miaka 25 baadaye, ililitambua deni hilo lakini ikalitenganisha na cheti. Mtihani ulipofutwa, ulifutwa kwa sababu nyingine kabisa.

Ni muhimu kwanza kubainisha tofauti moja ya kimfumo. Nchini Tanzania, cheti cha Kidato cha Nne hutolewa na Baraza la Mitihani, na matokeo ya mtihani wa taifa ndiyo maudhui ya cheti chenyewe. Marekani haina mtihani wa taifa wa aina hiyo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, cheti cha sekondari kilitolewa na wilaya ya elimu kwa mwanafunzi aliyekamilisha idadi iliyowekwa ya kozi, na alama zilitolewa na walimu wake mwenyewe. Jimbo la New York, lenye mitihani yake ya Regents tangu karne ya 19, lilikuwa na desturi tofauti. Kwa hiyo, jimbo lilipoweka mtihani mmoja kuwa sharti la cheti, lilihamisha sehemu ya mamlaka ya kuhitimisha kutoka kwa mwalimu na wilaya kwenda makao makuu ya jimbo. Uhamisho huo ndio uliozaa swali la deni.

2. Florida: kutoka sheria ya uwajibikaji hadi sharti la cheti

Katika miaka ya 1970, majimbo mengi ya Marekani yalianza kupima kile kilichoitwa stadi za msingi. Malalamiko ya waajiri na wazazi yalikuwa kwamba wahitimu wa sekondari hawawezi kusoma maelekezo ya kawaida wala kukokotoa hesabu za matumizi ya kila siku. Florida ilikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1976 Bunge la jimbo hilo lilipitisha Sheria ya Uwajibikaji wa Elimu, na mwaka 1978 sheria hiyo ikarekebishwa ili kufaulu mtihani wa stadi za kusoma, kuandika na hesabu za maisha kuwe sharti la cheti. Mtihani ulikuwa na sehemu mbili, ya mawasiliano na ya hisabati, na alama ya ufaulu iliwekwa kuwa asilimia 70 kwa kila sehemu. Aliyekamilisha kozi zake zote lakini akashindwa mtihani alipewa hati ya kumaliza masomo badala ya cheti cha kuhitimu.

Kundi la kwanza kuguswa lilikuwa la wahitimu watarajiwa wa mwaka 1979. Mtihani ulipofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1977, asilimia 36 ya watahiniwa walishindwa angalau sehemu moja. Mgawanyo wa matokeo hayo ndio uliowafikisha wanafunzi mahakamani: miongoni mwa wanafunzi Weusi walioshindwa walikuwa asilimia 78, na miongoni mwa Weupe asilimia 25. Baada ya mtihani kurudiwa hadi mara ya tatu, takriban asilimia 2 ya Weupe wa mwaka wa mwisho walikuwa bado hawajafaulu, ilhali miongoni mwa Weusi ilikuwa asilimia 20.

Takwimu hizi hazieleweki bila kalenda. Shule za Florida zilikuwa zimetenganishwa kisheria kwa misingi ya rangi tangu mwishoni mwa karne ya 19. Ingawa Mahakama Kuu ya Marekani iliharamisha utengano huo mwaka 1954, shule za jimbo hilo hazikuunganishwa kikamilifu hadi mwaka wa masomo ulioanza 1971. Mwanafunzi Mweusi wa kundi la 1979 alianza darasa la kwanza mwaka 1967. Alijifunza kusoma na kuhesabu kwa miaka minne ya kwanza katika shule zilizotengwa, zenye majengo, vitabu na vifaa duni kuliko vya wenzake Weupe. Jimbo lililomtenga ndilo lililomtaka sasa athibitishe, kwa mtihani mmoja, kwamba kutengwa huko hakukumwachia upungufu wowote.

3. Kesi ya Debra P. na kuzaliwa kwa kanuni

Kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya wanafunzi hao inajulikana kama Debra P. dhidi ya Turlington, kwa jina la Ralph Turlington aliyekuwa Kamishna wa Elimu wa Florida. Mwezi Julai 1979, Jaji George Carr wa Mahakama ya Wilaya ya Shirikisho alitoa hukumu yenye pande mbili. Kwa upande mmoja, alikubali kwamba jimbo lina haki ya kuweka viwango na kuvipima. Kwa upande mwingine, aliona kwamba wanafunzi walipewa taarifa kwa kuchelewa mno kuhusu sharti jipya, na kwamba kutumia mtihani huo mara moja kungeendeleza madhara ya utengano. Alizuia mtihani kutumika kama sharti la cheti kwa miaka 4, hadi mwaka wa masomo 1982/1983.

Muda huo wa zuio haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Kundi la 1983 ndilo lingekuwa la kwanza kupitia madarasa yote 12 katika shule zilizounganishwa. Jaji alilipa jimbo muda wa kulifikia kundi ambalo halikuwa na deni la utengano wa kisheria juu yake. Kwa maneno mengine, mahakama iliupima uhalali wa mtihani kwa kuangalia alikotoka mtahiniwa, na si kwa kuangalia karatasi ya maswali peke yake.

Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tano ilikwenda mbali zaidi katika hukumu yake ya Mei 1981. Ilieleza kwamba jimbo, kwa kulazimisha mahudhurio ya shule na kuahidi cheti kwa anayekamilisha masomo, lilikuwa limemjengea mwanafunzi tarajio halali la kupata cheti, na kwamba tarajio hilo linalindwa kama mali chini ya Marekebisho ya 14 ya Katiba. Kutokana na msingi huo ilitoa kanuni iliyoongoza kesi zote zilizofuata: jimbo haliwezi kumnyima mwanafunzi cheti kwa mtihani unaopima mambo ambayo hakufundishwa shuleni. Jukumu la kuthibitisha kwamba yalifundishwa likawekwa juu ya jimbo, na kesi ikarudishwa kwa Jaji Carr ili uthibitisho huo utolewe.

Umuhimu wa kanuni hii kihistoria uko katika mpangilio wake. Haikusema tu kwamba jimbo lina wajibu wa kufundisha na mwanafunzi ana wajibu wa kujifunza. Iliweka wajibu wa kwanza kuwa sharti la wa pili. Asiyefundisha hana haki ya kutahini kwa adhabu.

4. Uthibitisho wa 1983 na kupungua kwa kanuni

Namna jimbo lilivyotimiza agizo hilo ndiyo iliyoamua maana ya kanuni kwa vitendo. Florida iliagiza uchunguzi mpana: taarifa zilikusanywa kutoka wilaya zake 67 za elimu, madodoso yalipelekwa kwa walimu, shule zilitembelewa, na wanafunzi wenyewe waliulizwa kama waliwahi kufundishwa stadi zilizopimwa. Mwaka 1983 Jaji Carr aliridhika kwamba stadi hizo zilikuwa zinafundishwa. Aliona pia kwamba mabaki ya utengano hayakuwa tena chanzo cha tofauti ya ufaulu. Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Kumi na Moja iliidhinisha uamuzi huo mwaka 1984.

Wakati huo, zaidi ya nusu ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho ambao hawakuwa wamefaulu walikuwa Weusi, ingawa Weusi walikuwa takriban moja ya tano tu ya wanafunzi wote. Tofauti ilikuwa imebaki, ila sasa haikuwa tena hoja ya kisheria. Kilichotakiwa kuthibitishwa ni kwamba stadi zimo katika mtaala na kwamba walimu kwa jumla wanasema wanazifundisha. Kama zilifundishwa vizuri, kwa vitabu vya kutosha na mwalimu mwenye sifa, kwa mtoto huyu mahususi, hilo halikuwa sehemu ya uthibitisho. Deni lilihesabiwa kuwa limelipwa kwa wastani wa jimbo zima.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuupuuza upande wa watetezi wa mtihani. Walidai kwamba cheti kisichopima chochote kinamdanganya anayekipokea, na kwamba watoto wa maskini ndio waliokuwa wakipitishwa darasa hadi darasa bila kujua kusoma. Mtihani ulizilazimisha shule kuwatambua watoto hao na kuanzisha masomo ya ziada kwa ajili yao, na kiwango cha kushindwa kilipungua sana kati ya jaribio la kwanza na yale yaliyofuata. Hoja hii ina uzito. Inachoacha bila jibu ni kwa nini gharama ya kuzizindua shule zilizolala ibebwe na mtoto aliyekosa kufundishwa.

Kigezo cha Florida kilienea. Mwezi Januari 2000, katika kesi ya GI Forum dhidi ya Wakala wa Elimu wa Texas, Jaji Edward Prado alikubali kwamba mtihani wa jimbo hilo uliwaathiri zaidi wanafunzi Weusi na wenye asili ya Meksiko. Hata hivyo aliuidhinisha, kwa kuwa mtihani ulilingana na mtaala na wanafunzi walipewa nafasi kadhaa za kurudia pamoja na masomo ya ziada. Kufikia mwaka 2012, takriban nusu ya majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sharti la aina hii.

5. California: cheti chatenganishwa na ufundishaji

Sheria ya mtihani wa kuhitimu wa California ilipitishwa mwaka 1999, wakati wa Gavana Gray Davis. Mtunzi wake alikuwa Seneta Jack O'Connell, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa Msimamizi Mkuu wa Elimu wa jimbo na kwa nafasi hiyo akawa mdaiwa katika kesi ya kuupinga mtihani alioubuni. Mtihani ulihusu Kiingereza na hisabati, hadi aljebra ya mwanzo, na ulifanywa kwa mara ya kwanza katika darasa la 10 kukiwa na nafasi za kurudia. Sharti lilipangwa kuanza na wahitimu wa 2004, lakini mwaka 2003 Bodi ya Elimu ya jimbo iliahirisha hadi wahitimu wa 2006.

Ahirisho hilo lilitokea huku jimbo likikabiliwa na kesi nyingine. Mwezi Mei 2000, wanafunzi walikuwa wamefungua shauri la Williams dhidi ya California, wakidai kwamba shule za maeneo maskini hazikuwa na vitabu vya kutosha, walimu wenye sifa wala majengo salama. Shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2004, na jimbo likaahidi fedha na ukaguzi wa shule hizo. Mwanafunzi wa kundi la 2006 aliyeanza darasa la kwanza mwaka 1994 alikuwa tayari amemaliza miaka 10 ya masomo wakati ahadi hiyo inatolewa. Ulinganifu na Florida uko wazi: hapa pia jimbo lilikiri upungufu na kudai matokeo karibu kwa wakati mmoja.

Mapema mwaka 2006, takriban wanafunzi 47,000 wa mwaka wa mwisho walikuwa hawajafaulu. Kesi ya Valenzuela dhidi ya O'Connell ilifunguliwa mwezi Februari. Tarehe 12 Mei, Jaji Robert Freedman wa Kaunti ya Alameda alitoa zuio la muda dhidi ya sharti la mtihani, akiona kwamba wadai walikuwa na uwezekano wa kuthibitisha kuwa wanafunzi hawakupewa fursa sawa ya kujifunza kilichopimwa. Siku 12 baadaye, Mahakama Kuu ya California ilisimamisha zuio hilo. Sherehe za mahafali za mwezi Juni zilipita sharti likiwa linatumika.

Mwezi Agosti, Mahakama ya Rufani ya jimbo ilibatilisha zuio. Hoja yake inastahili kuangaliwa kwa makini. Mahakama haikukataa kwamba huenda wanafunzi hawakupewa ufundishaji sawa. Ilisema kwamba kama haki iliyokiukwa ni ya elimu sawa, basi tiba yake ni elimu sawa, si cheti. Kumpa cheti mtu ambaye hajaonyesha ujuzi hakutibu upungufu wa ujuzi.

Kimantiki hoja hiyo inavutia, lakini iligeuza mpangilio wa Florida. Katika kanuni ya 1981, jimbo lisilofundisha lilipoteza haki ya kuzuia cheti. Katika hukumu ya 2006, jimbo lisilofundisha lilibaki na haki ya kuzuia cheti, na mwanafunzi akabaki na haki ya kudai masomo zaidi. Ushindi wa wadai ulikuja kwa njia hiyo: makubaliano ya mwaka 2007 yalizaa sheria iliyozitaka wilaya kutoa masomo ya ziada kwa hadi miaka miwili baada ya darasa la 12. Kwa kijana wa miaka 18 aliyehitaji cheti ili aajiriwe, miaka miwili zaidi darasani ilikuwa tiba ambayo si kila mmoja angeweza kuimudu.

6. Kufutwa bila hesabu

Mtihani wa California uliendelea hadi mtaala ulipoupita. Mwaka 2010 jimbo lilipokea viwango vipya vya masomo vilivyokubaliwa na majimbo mengi, ilhali mtihani ulibaki umejengwa juu ya viwango vya zamani. Mkataba wa kuuendesha ulimalizika mwaka 2015 na mtihani wa mwezi Julai ukafutwa. Wanafunzi waliokuwa wamebakiza mtihani huo tu walijikuta wakidaiwa kufaulu mtihani ambao haukuwepo tena. Mwishoni mwa Agosti sheria ya dharura iliwaondolea sharti wahitimu wa 2015, na mwezi Oktoba ikafuata sheria iliyotajwa mwanzoni mwa insha hii. Mwaka 2017 sharti lilifutwa moja kwa moja.

Jambo la kuzingatia ni kwamba sababu iliyoleta mabadiliko inafanana na kanuni ya Debra P.: mtihani haukulingana tena na kinachofundishwa. Lakini iliibuka kama tatizo la kiutawala, si kama haki ya mwanafunzi. Hoja ambayo mwaka 2006 haikutosha kuwapatia vyeti wanafunzi waliokosa walimu, mwaka 2015 ilitosha kwa sababu mtaala mpya ulikuwa umeifanya karatasi ya mtihani kuwa ya kale. California haikuwa peke yake: South Carolina mwaka 2014 na Georgia mwaka 2015 nazo zilifungua njia ya kuwapa vyeti waliokwama zamani kwa sababu ya mitihani iliyofutwa. Mwezi Novemba 2024, wapiga kura wa Massachusetts waliondoa sharti kama hilo kwa kura ya moja kwa moja.

7. Hitimisho

Historia hii kwa kawaida husimuliwa kama mzunguko: viwango vinapandishwa, malalamiko yanazuka, viwango vinashushwa. Simulizi hiyo inaficha jambo la msingi. Kati ya 1979 na 1984, Florida ilitoa kanuni iliyokuwa na uwezo wa kuulinda mtihani na mwanafunzi kwa pamoja, kwa kuwa iliruhusu jimbo kutahini mara tu linapothibitisha kwamba limefundisha. Kanuni hiyo ilidhoofishwa kwa hatua mbili: kwanza kwa kukubali uthibitisho wa wastani badala ya uthibitisho unaomfikia mwanafunzi, na pili kwa kutenganisha haki ya kufundishwa na haki ya cheti.

Matokeo yake ni sheria kama ile ya Oktoba 2015, inayorudisha cheti bila kueleza kwa nini kilistahili kurudishwa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwa mtu wa miaka 27 aliyepokea cheti cha umri wa miaka 18, karatasi ililipwa. Nafasi za kazi zilizompita, vyuo ambavyo hakuomba na miaka aliyoishi akihesabiwa kuwa hakumaliza shule havikuingizwa katika hesabu yoyote. Jimbo lolote linaloweka au kuondoa mtihani wa kuhitimu linarithi swali hilohilo, na historia ya Florida na California inaonyesha kwamba halifutiki kwa kufuta mtihani. Linajibiwa kabla ya mtahiniwa kuingia chumba cha mtihani, kwa kuonyesha nani alimfundisha, kwa vitabu gani, na kwa muda gani.